Jaji aliyekiogopa kicheko: stelingi na adui katika Who Framed Roger Rabbit

Kiatu kile hakikuwa na kosa. Ni kiatu cha katuni, kidogo, chenye macho, kimetoka kwenye sanduku la wenzake na kwenda kujipapasa mguuni kwa Jaji Doom kikitaka kupendwa. Jaji amevaa glavu nyeusi. Anakiinua, anakitazama bila kupepesa jicho, kisha anakishusha taratibu kwenye pipa la kimiminika cha kijani kinachofuka moshi. Kiatu kinalia kwa sauti nyembamba, kinajinyonganyonga, kinazama. Mkono unapotoka, kilichobaki ni rangi nyekundu iliyotapakaa kwenye glavu. Watu wazima waliosimama pale wameona kila kitu, na hakuna aliyenyoosha mkono kumzuia.

Tukio hilo ni fupi, lakini ndilo linaloitoa Who Framed Roger Rabbit kwenye kundi la vichekesho vya kupitishia muda. Filamu hii ilitoka Marekani Juni 1988. Mwongozaji alikuwa Robert Zemeckis, msimamizi wa uchoraji wa katuni alikuwa Richard Williams, na nyuma yao walikuwepo Disney kupitia Touchstone, pamoja na Amblin, kampuni ya Steven Spielberg. Duniani kote iliingiza zaidi ya dola milioni 300, na Williams akapewa tuzo maalumu ya Oscar kwa kazi yake. Wengi wanaoisifia hadi leo husifia ufundi: namna watu wa nyama na damu wanavyoshikana mikono na viumbe vya wino. Ufundi huo nami nautukuza, na nitaurudia, maana umebeba mengi. Lakini kinachonifanya niirudie filamu hii ni swali la nani stelingi, nani adui, na kitu gani hasa kinawatenganisha. Jibu lake limefichwa kwa akili sana, na naamini bila jibu hilo ufundi wote ungekuwa maonyesho matupu.

Kisa chenyewe kinatokea Los Angeles mwaka 1947. Katuni ni viumbe hai: wanaajiriwa studio, wanaenda kazini, jioni wanarudi kwao, mji unaoitwa Toontown. Eddie Valiant, anayeigizwa na Mwingereza Bob Hoskins, ni mpelelezi wa kujitegemea. Zamani yeye na ndugu yake Teddy walikuwa mashuhuri kwa kuwatetea katuni waliopatwa na matatizo. Kisha katuni mmoja akaiba benki huko Toontown, ndugu hawa wakamfuata, naye akawaangushia piano kutoka ghorofani. Teddy akafa. Eddie amebaki na chupa ya wiski na chuki.

Siku moja R.K. Maroon, mwenye studio, anamkodi akampige picha Jessica, mke wa sungura Roger ambaye ni nyota wa studio hiyo. Eddie anamnasa Jessica akicheza mchezo wa watoto wa kupigana makofi ya viganja na Marvin Acme, mzee wa kiwanda cha vifaa vya mizaha, ambaye ndiye mmiliki wa Toontown yote. Kwa katuni, huo ni usaliti wa ndoa. Roger anazionyeshwa picha, anapasuka moyo. Asubuhi Acme anakutwa amekufa, ameangushiwa sefu kichwani. Mshukiwa ni Roger, na Jaji Doom, anayeigizwa na Christopher Lloyd, anamsaka akiwa na pipa lake.

Sasa pima wahusika hawa kwa karatasi zao. Doom ni jaji wa halali mwenye mamlaka. Roger ni mtoro anayetafutwa kwa mauaji. Eddie ni mlevi anayemficha mtoro. Kwa karatasi, adui wetu ndiye mlinzi wa sheria na mastelingi wetu wawili ni wahalifu. Mtu anaweza kudhani basi mgawanyo ni wa watu dhidi ya katuni, kwamba binadamu ndio wabaya na katuni ndio wanyonge. Klabu ya usiku anakoimba Jessica inasukuma wazo hilo: katuni wanacheza, wanahudumia meza, bata wawili mahasimu wanapigana kwenye piano, lakini wateja wanaoruhusiwa kuketi ni binadamu tu. Mmarekani yeyote anayejua historia ya Cotton Club ya Harlem, ambako wanamuziki weusi walipiga muziki mbele ya ukumbi wa weupe, anaelewa hapo bila kuambiwa. Betty Boop, nyota wa katuni za zamani, yumo humo akiuza sigara, bado amechorwa kwa nyeusi na nyeupe, analalamika kwamba tangu rangi ziingie kwenye katuni kazi zimekuwa adimu. Ni mzaha wa sekunde chache wenye uchungu ndani yake.

Lakini mgawanyo huo wa pili nao hausimami. Aliyemuua Teddy ni katuni. Vicheche watano wanaomtumikia Doom ni katuni, na wanawawinda katuni wenzao kwa furaha. Wanaomficha Roger baa ni binadamu, tena walevi na maveterani waliochoka.

Kinachogawa watu wa filamu hii ni kicheko: nani amekikubali, nani amekifukia, nani anakitumia kama mtego. Ukishika uzi huo, kila tukio linajipanga.

Mwanzo kabisa wa filamu tunaonyeshwa katuni ndani ya filamu. Roger anamlea Baby Herman, anaungua, anapigwa, mwishowe friji zima linamwangukia kichwani. Mwongozaji wa studio anafoka na kusimamisha kazi, si kwa sababu sungura ameumia, bali kwa sababu baada ya kipigo Roger ameona ndege wakizunguka kichwa chake wakati skripti imesema aone nyota. Dakika hizo tano zinatufundisha kanuni ya ulimwengu huu: katuni hafi. Friji, sefu, piano, vyote kwake ni kazi. Ndiyo maana kiatu kinauma vile. Doom ndiye aliyeleta kifo mahali ambapo hakikuwepo.

Na tazama alivyokitengeneza. Kimiminika chake, anachokiita Dip, ni mchanganyiko wa tapentaini, asetoni na benzeni. Hivyo ni vimumunyisho vya rangi. Enzi hizo katuni za sinema zilipakwa rangi kwenye karatasi angavu za plastiki, na vitu vya aina hiyo ndivyo vinavyoweza kuing'oa rangi ile. Silaha ya adui imetoka kwenye meza ya wachoraji wenyewe. Anayebuni kitu kama hicho anawajua katuni kwa ndani. Filamu imetupa ushahidi huo mapema, mbele ya macho yetu, na tumeupita.

Eddie tunamkuta upande mwingine wa kicheko. Ni stelingi asiye na umbo la ustelingi: mfupi, mnene, shati limekunjamana, anadai malipo kabla ya kazi. Ofisini kwake kamera inapita polepole juu ya meza ya Teddy, ambayo haijaguswa tangu afe, vumbi limetanda. Picha zilizopo zinatueleza kwamba ndugu hawa walikuwa wacheshi, watu wa sarakasi na mizaha, kabla na baada ya kuvaa sare ya polisi. Hakuna anayesema neno. Kamera inapita, Eddie amelala na chupa. Kwa hiyo huyu si mtu aliyezaliwa mkavu. Amezika kitu, na anajua alikizika wapi.

Kisha sungura anafungwa pingu naye. Roger, kwa ujinga wake wa utani, amejifunga mkono mmoja na Eddie, na funguo hazipo. Wanaburuzana mpaka baa ya Dolores, mpenzi wa Eddie. Katika chumba cha nyuma Eddie anachukua msumeno kukata pingu, sanduku linatikisika, Roger anachomoa mkono wake ili alishikilie vizuri. Eddie anaduwaa: kumbe muda wote ungeweza kujitoa? Roger anajibu kwamba hapana, si wakati wowote, ni pale tu jambo hilo linapochekesha.

Jibu hilo naliona kuwa katiba ya Toontown. Katuni anatii sheria moja tu, na sheria hiyo ni ya kicheko. Haivunji hata kwa faida yake mwenyewe. Roger asingeweza kujiokoa kwa pingu kama kujiokoa kwenyewe hakukuwa na mzaha. Linganisha na Doom, ambaye katika tukio la kiatu alitangaza kwamba anataka kuleta sheria na utaratibu Toontown, kana kwamba sheria haikuwahi kuwepo huko. Kumbe sheria ilikuwepo muda wote. Yeye ndiye aliyeikana.

Chumba hicho hicho cha nyuma ndicho kilichowapa wachoraji kazi ambayo watu wa fani wanaizungumzia hadi leo. Eddie anagonga taa iliyoning'inia, taa inaanza kuyumba. Taa ikiyumba, kivuli cha kila kitu chumbani kinahama. Hoskins amepigwa picha pale kwa mwanga wa kweli, lakini sungura hakuwepo. Wachoraji walipewa picha zilizokuzwa za kila fremu, wakamchora Roger kwa mkono juu yake, kisha vivuli vyake na mng'ao wake vikachorwa kando, na tabaka zote zikaunganishwa kwa mitambo ya macho kwenye kampuni ya athari za picha ya Industrial Light & Magic. Kwa taa inayoyumba, kivuli kinabadilika fremu kwa fremu. Hakuna mtazamaji ambaye angelalamika taa ingetulia. Wakaiyumbisha hata hivyo.

Kwa nini ninaliweka hili kwenye uchambuzi wa stelingi na adui? Kwa sababu urafiki wa Eddie na Roger usingeaminika kama Roger angeonekana amebandikwa. Filamu za zamani zilizochanganya watu na katuni zilipendelea kuiweka kamera mahali pamoja ili kazi iwe rahisi. Zemeckis aliiachia kamera itembee kama kwenye filamu yoyote ya upelelezi. Matokeo yake unamsahau mchoraji, unabaki na sungura mwenye uzito, anayetoa jasho, anayetishia kuvunja vyombo. Charles Fleischer, sauti ya Roger, alikuwa akija kwenye upigaji picha amevaa vazi la sungura, anasema maneno yake nje ya fremu ili Hoskins apate wa kumjibu. Na Hoskins, maskini, siku nyingi alitazama hewa tupu kwa usahihi ule ule: macho yake yanasimama pale alipo sungura, kimo cha sungura, umbali wa sungura. Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa za uigizaji za miaka ile, na inasikitisha kwamba tuzo za filamu hii zilikwenda kwenye uhariri, athari za sauti, athari za picha na katuni, bila kumgusa yeye kwenye Oscar.

Turudi baa. Eddie akiwa ametoka kidogo, Roger anashindwa kukaa mafichoni. Anatoka, anaweka santuri, anaimba, anacheza, anajivunjia sahani kichwani moja baada ya nyingine. Wale walevi, sura zilizokata tamaa, wanacheka mpaka machozi. Eddie anarudi, anamkokota hadi chumbani na kumkaripia: kwa nini unajitoa roho kwa ajili ya watu hawa? Roger anamwambia kwamba kicheko ni kitu chenye nguvu, na kuna nyakati maishani ndicho silaha pekee tuliyobaki nayo.

Hoja yake inapimwa dakika ile ile. Doom anaingia na vicheche wake, anatangaza zawadi ya dola 5,000 kwa atakayemwonyesha sungura. Fedha hizo, mwaka 1947, kwa wanaume wale! Mmoja anasema ndiyo, amemwona sungura. Ukumbi unakauka. Kisha anageuka pembeni na kumsalimia sungura asiyeonekana, baa nzima inaangua kicheko. Roger aliwachekesha, wao wakamlipa kwa kumfanyia adui wake mzaha.

Doom hachekeshwi. Anaikuta santuri, anainusa, anajua. Halafu anafanya jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa kisa hiki. Anaanza kugonga ukutani, taratibu, akitembea kuizunguka baa: mdundo wa mapigo matano ambao Wamarekani wote wanaujua, mdundo unaodai jibu la mapigo mawili ili ukamilike. Anagonga matano, ananyamaza. Anasogea, anagonga tena matano, ananyamaza. Chumba cha nyuma Roger anatetemeka, anabana mdomo, mwili unamsaliti. Mwishowe anatoboa ukuta mzimamzima na kuimalizia. Doom anamshika shingo. Hakuna katuni, anasema, anayeweza kuushinda mtego huo.

Amejuaje? Na jambo la kutazama zaidi: yeye mwenyewe aliugonga mdundo huo mara kadhaa na kila mara akaacha nafasi ya mwisho wazi. Ukishajua siri yake, hapo ndipo unapotisha ukubwa wa uovu wake. Kiu ile ile inayomtoa Roger mafichoni, inayoonekana kuwa ndani ya kila katuni, Doom ameinyonga ndani yake mpaka ikafa, kisha akaifanya chambo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni ngozi ya binadamu. Lloyd alimcheza bila kupepesa macho mbele ya kamera. Mwili wake mgumu, koti jeusi, sauti isiyopanda wala kushuka, vyote ni vya mtu anayejizuia kila sekunde asilipuke.

Eddie anamwokoa Roger kwa kutumia anachokijua vizuri kuliko vyote: pombe. Anamshawishi Doom ampe sungura kinywaji cha mwisho, wiski inamfanya Roger apae na kupiga king'ora kama injini, vurugu inazuka, wanatoroka na teksi ya katuni aitwaye Benny. Wanajificha kwenye sinema. Gizani, katuni ya Goofy ikionyeshwa, Roger anauliza kwa nini Eddie anawachukia katuni, na Eddie anamsimulia kifo cha Teddy, macho mekundu ya muuaji, sauti yake nyembamba ya kukwaruza. Roger halii kwa mbwembwe zake za kawaida. Anasema si ajabu unanichukia, mimi nami kama katuni angemuua ndugu yangu ningejichukia. Eddie anamwomba radhi kwa kumvuta masikio. Roger anataka uhakika: mara zote ulizonivuta masikio? Mara zote, Eddie anajibu.

Msamaha huo kuhusu masikio ni mdogo na ni wa kuchekesha, na bado ndipo Eddie anapobadilika. Sungura hakumdai aache huzuni. Aliipokea.

Jessica na Maroon nitawapita haraka, ingawa wanastahili. Jessica amechorwa kama mwanamke wa filamu za upelelezi za miaka ya 1940, yule ambaye mwisho hutoa bastola, na sauti nzito ya Kathleen Turner inamsukuma mtazamaji amshuku kila hatua. Katika rasimu za awali za skripti, wauaji waliofikiriwa ni yeye na Baby Herman, kabla Doom hajabuniwa. Kumbe anampenda mumewe kwa dhati, na akiulizwa amempendea nini sungura yule, anasema anamchekesha. Maroon ndiye mbaya wa kawaida: alitaka kumbana Acme kwa zile picha ili auze ardhi yake, kwa kuwa kampuni ya Cloverleaf ilikataa kuinunua studio bila Toontown. Alipotambua mpango halisi, alishindwa kuuvumilia, na risasi ikamnyamazisha kabla hajamaliza kueleza. Filamu inampa heshima hiyo ya mwisho, na naona ni haki. Kuna tofauti kati ya tamaa na kutaka kufuta kabila zima.

Mwenye hisa pekee wa Cloverleaf ni Doom. Katika hotuba anayoitoa kiwandani kwa Acme anaeleza kwamba ameinunua kampuni ya tramu nyekundu ili aiue, na atamwaga Dip juu ya Toontown kutoka kwenye mtambo mkubwa, ajenge barabara kuu ya magari, vituo vya mafuta, moteli, mabango ya matangazo. Tramu hizo zilikuwepo kweli. Ni za Pacific Electric, na njia ya mwisho, ya kwenda Long Beach, ilifungwa 1961. Wamarekani wengi wanaamini ziliuawa na kampuni za magari na mafuta. Ukweli una mikono mingi zaidi. National City Lines, iliyoungwa mkono na kampuni kama General Motors, Firestone na Standard Oil ya California, ilitiwa hatiani Chicago mwaka 1949 kwa njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa kampuni za usafiri ilizozishika. Lakini mtandao iliounyakua Los Angeles mwaka 1945 ulikuwa wa tramu za njano. Zile nyekundu zilidhoofishwa na msongamano, hasara, na watu wenyewe kununua magari. Barabara kuu ya kwanza ya jiji kwenda Pasadena ilifunguliwa Desemba 1940, miaka saba kabla ya hotuba ya Doom.

Je, filamu imekosea kumbebesha mtu mmoja mzigo wa wengi? Kama somo la historia, ndiyo, na mtu asijifunzie usafiri wa Los Angeles humu. Kama kichekesho, uamuzi ni sahihi, kwa sababu hotuba ile ni kilele cha tabia yake. Anaizungumzia barabara kwa macho yanayong'aa, na kila anachokitaja ni kitu kisicho na mzaha hata chembe. Anataka dunia ambayo hakuna mtu atakayemgongea mapigo matano.

Pale kiwandani, Doom anateleza na kuanguka, vicheche wanabingirika kwa kicheko, naye anawakemea kwamba siku moja watakufa kwa kucheka kama binamu zao fisi. Eddie, amewekewa bunduki, anasikia. Roger na Jessica wananing'inia kwenye ndoano mbele ya mrija wa Dip. Na mtu yule aliyefukia kicheko kwa miaka anaenda kukifukua: anawasha muziki, anaanza kuimba na kucheza, anajigonga kwa vyombo vya kiwandani, anaanguka makusudi, anatunga mashairi papo hapo kwa mdundo uleule wa santuri ya baa. Zile picha za meza ya Teddy sasa zina kazi. Vicheche wengi wanakufa mmoja mmoja kwa kucheka, roho zao zinapaa na mabawa. Hoskins anacheza tukio hilo akiwa bado na hofu usoni, jasho linamtiririka, na hilo ndilo linaloliokoa lisiwe wimbo tu. Anachekesha kwa sababu asipochekesha watakufa. Maneno ya Roger ya baa yametimia neno kwa neno, na aliyeyatimiza ni yule aliyeyapuuza.

Anabaki Doom. Mtambo wa kushindilia lami unampitia, analia kwa uchungu, na mtazamaji anadhani basi. Kisha anainuka, bapa kama karatasi, anajijaza gesi, macho ya bandia yanamtoka, na chini yake kuna macho ya katuni, mekundu. Sauti inapanda na kuwa ile nyembamba ya kukwaruza ambayo Eddie aliisimulia gizani. Ndiye muuaji wa Teddy. Ukiunganisha wizi wa benki na habari tuliyopewa mapema kwamba Doom aliununua ujaji kwa fedha alizomwaga Toontown, njia yake yote inaonekana. Mkono wake unageuka fuawe, unageuka msumeno. Ana nguvu zote za katuni na hana hata mzaha mmoja. Watoto wengi walitishwa na sura hiyo, nami sioni kosa la filamu hapo. Kichekesho kinachomheshimu mtoto kina haki ya kumwonyesha adui anayestahili kuogopwa.

Eddie anamshinda kwa nini? Kwa nyundo ya mzaha kutoka kiwanda cha Acme, yenye ngumi ya ndondi inayofyatuka. Ngumi inampita Doom, inagonga bomba la mtambo, Dip inammwagikia mwenyewe. Hata wosia wa Acme, ulioiachia Toontown katuni wenyewe, ulikuwa umeandikwa kwa wino wa kiini macho unaotoweka na kurudi. Roger alidhani karatasi ni tupu, akaandika juu yake barua ya mapenzi kwa mkewe. Anapoisomea, maandishi ya wosia yanajitokeza. Hati ya kisheria yenye nguvu kuliko zote kwenye filamu ni mzaha wa mzee aliyekufa, na sheria ya jaji asiyecheka haikufua dafu mbele yake.

Baada ya hapo katuni wanajaa kiwandani, wa Disney na wa Warner Bros. pamoja, jambo ambalo lilihitaji makubaliano magumu kati ya studio mahasimu. Wanaliona barakoa la Doom sakafuni na wanajiuliza alikuwa nani hasa. Panya anasema hakuwa panya, bata anasema hakuwa bata, na hivyo hivyo kila mmoja kwa jinsi yake. Kitabu cha katuni kilichotoka 1989 kilijaribu kumpa Doom jina na maisha ya nyuma. Simlaumu mwandishi, lakini naona filamu ilikuwa na busara zaidi. Adui huyu aliifuta asili yake kwa mkono wake mwenyewe kabla Dip haijamgusa. Wangemtambuaje?